Sifuri Si Kaskazini

Msiniulize alizaliwa wapi, wala alikuwa mtoto wa nani. Kisangani ina watu tele wanaojua ukoo wa kila mtu na hawajui kazi ya yeyote. Mimi nilimjua kwa kazi. Mji ulimwita Mama Meteo, kwa sababu kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kituo cha hali ya hewa, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Anayetaka ukoo wake akautafute mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuna mtu aliyewahi kumkatiza. Kila saa ya kazi alitoka nje na daftari kwapani, akasimama chini ya mlingoti wa kupimia upepo, akautazama mshale ukigeuka na vikombe vikizunguka, kwa dakika kumi kamili. Ndiyo kanuni ya kazi ile. Upepo ni mgeni mwenye tabia mbaya, huingia na kutoka bila kubisha hodi, kwa hiyo humwandiki kwa kumtupia jicho mara moja. Unasimama naye. Mvua ikinyesha alisimama na mwavuli uliokatika ubavu mmoja, na maji yakimwingia shingoni hakujisogeza.

Katika dakika zile kumi hakuzungumza na mtu. Siku moja mkubwa wa ofisi alifika ghafla, akamkuta kwenye dakika ya nne, akamsalimu. Kimya. Akasalimu tena, kwa sauti ya ukubwa. Kimya. Sisi tuliokuwa mlangoni tulitamani ardhi itumeze. Dakika ya kumi ilipokwisha Mama aliandika, akafunika kalamu, akageuka.

“Bonjour, chef. Sasa minaweza kusema.”

Mkubwa alicheka, la sivyo angefanya nini?

Daftari lake lilikuwa na mistari, na kila mstari ulikuwa na namba mbili: upepo umetoka wapi, na una nguvu gani. Upande aliuandika kwa nyuzi za dira, akikata sifuri ya mwisho: 09 ni mashariki, 18 kusini, 27 magharibi, 36 kaskazini. Upepo ukilala kabisa aliandika 00 na 00. Na pale ambapo hakuna mtu aliyeangalia, hakuandika kitu. Alipiga kistari na kuacha. Shikeni hizo tofauti tatu, kaskazini, utulivu na kutoangalia, maana ndizo zilizonitia aibu mbele ya watu.

Watu humkumbuka kama mtu wa msimamo mmoja. Si kweli. Mwanamke huyu aliyetumia maisha yake kusimama upeponi alilala madirisha yote yamefungwa, hata joto la kutoa roho likiwapo, kwa sababu upepo wa usiku, alisema, unaleta kikohozi. Alidai ukweli wa dakika kumi kazini, lakini kanisani alifika wakati wa mahubiri, kila Jumapili, na kuapa kwamba hakuchelewa. Aliwachukia watu wanaobahatisha, na papo hapo akaniambia kwa uhakika wote kwamba lituma, ndizi zile za kupondwa, isiyopondwa na mtu aliyekasirika haina ladha. Nilimwambia hilo halina kipimo. Akaniuliza nimewahi kupika.

Nilikuja kwake nikiwa na shahada mpya ya kompyuta na kiburi chake. Nilikuwa nimeajiriwa kuingiza madaftari yake kwenye mashine, kisha kuandika programu ya kuyafupisha. Aliniita Monsieur Kompyuta. Alinipa kiti kilichovunjika mguu, akaketi nyuma yangu, akaanza kusoma mistari yangu ya programu, lugha ambayo hakuijua, kwa umakini ule ule aliotazamia mshale.

Wiki ya kwanza nilimletea kwa majivuno wastani wa upande wa upepo wa mwezi mzima. Alitazama namba ile, akachukua kalamu, akaandika pembeni, kwa nyuzi kamili: 350 na 10.

“Hii mbili iko upepo gani?”

“Zote karibu na kaskazini, Mama.”

“Jumlisha. Gawa kwa mbili.”

Nikajumlisha, nikagawa. Mia na themanini. Kusini. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

“Upepo mbili inatoka nord, kompyuta yako inatia ya kwanza na ya pili, inazaa sud! Ile mashine ilisomea wapi?”

Nilijitetea kwamba mashine hufanya inachoambiwa. Akasema basi mwenye kosa anajulikana. Tangu siku hiyo nilijifunza kutogusa upande wa upepo kama namba ya kawaida. Kila upepo niliugawa sehemu mbili, sehemu ya mashariki na sehemu ya kaskazini, nikajumlisha kila sehemu peke yake, ndipo nikatafuta upande. Yeye aliridhika nusu tu. Aliamini kwamba pepo za mwezi mzima hazipaswi kusagwa kuwa upepo mmoja, na hapo nilikubaliana naye. Ndiyo maana tukaenda kwenye waridi.

Waridi la upepo ni mchoro wa duara wenye petali. Kila petali inaelekea upande ambao upepo umetoka. Petali ndefu maana yake upepo wa upande ule umekuja mara nyingi. Rangi ndani ya petali zinaonyesha mara ngapi ulikuwa hafifu na mara ngapi wa nguvu. Ni kitu kizuri kukitazama, na hapo ndipo penye hatari yake, kwa sababu watu huamini kitu kizuri upesi.

Wakati huo kampuni moja, sitaitaja maana haistahili, ilitaka kujenga tanuru la kuchomea taka kwenye kiwanja kitupu karibu na maporomoko ya mto, kusini-magharibi mwa nyumba za wavuvi. Mama Meteo aliishi katika nyumba hizo, pamoja na familia zinazotega samaki kwenye maji ya kasi na wanawake wanaowakausha kwa moshi ukingoni. Kampuni iliiomba ofisi yetu waridi la upepo. Mkubwa akanigeukia mimi. Mama alikuwa amestaafishwa mwezi uliotangulia, na mlingoti wake ulikuwa umeangushwa na dhoruba bila mtu kuuinua. Nilichukua miaka ya madaftari niliyoyaingiza, nikaandika programu kwa siku mbili, nikachora. Petali moja ilitoka ndefu kupita zote: kaskazini. Mchoro ulisema upepo wa pale, sehemu kubwa ya mwaka, unatoka kaskazini, na hivyo moshi wa tanuru utaelekea kusini, msituni, mbali na nyumba. Kampuni ilifurahi. Niliwapa siku ile ile.

Jumapili nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, nikampelekea Mama nakala kama zawadi. Alikuwa amefika tu kutoka kanisani. Aliiweka mezani, akaitazama kwa muda ambao nadhani ulikuwa dakika kumi.

“Hii petali ya nord. Iko na rangi moja tu.”

Kweli. Petali nyingine zote zilikuwa na rangi tatu au nne. Ile ya kaskazini, ndefu kuliko zote, ilikuwa karibu yote ya rangi ya upepo hafifu kabisa.

“Upepo gani hii, inakuja mara mingi hivi, na hata siku moja haijui kupiga mutu kofi?”

Akafungua daftari moja la zamani, akaweka kidole juu ya mstari. 00, 00. Mstari unaofuata. 00, 00. Asubuhi baada ya asubuhi, upepo umelala. Na mimi nilikuwa nimeiamrisha mashine iigawe mistari yote kwa upande: yenye nyuzi sifuri iende kwa petali ya kaskazini. Sikuwa nimeiuliza kwanza kama kuna upepo wowote. Na si hayo tu. Vile vistari vyake, vya saa ambazo hakuna aliyeangalia, mashine ilivikuta vitupu na mimi nikavijaza sifuri ili isilalamike. Navyo vikaenda kaskazini.

“Zéro haiko nord,” Mama alisema. “Zéro iko upepo inalala. Na tiret, kistari hii, iko miye nilikuwa haiko. Weye umetia yote ndani ya chungu moja.”

Nilisema nitairekebisha kesho. Akauliza kampuni wana mchoro upi. Nikasema huu. Akauliza wameufanyia nini. Nikasema mkutano wa kuwaeleza wakaazi ni Alhamisi, katika ukumbi wa parokia. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na pengine ingefaa nirekebishe kimyakimya kwa ajili ya wakati ujao.

Hakuwahi kunikasirikia kabla wala baada. Siku ile alinikasirikia.

“Mificha uchi hazai. Utasimama mbele ya batu na utasema kosa iko yako. Kama hausemi, minasema miye, na jina yako mizima.”

Nilisimama. Ukumbi ulijaa. Injinia wa mradi alikuwa ameubandika mchoro wangu ukutani, mkubwa, wa rangi, mzuri ajabu. Aliponisikia nikisema mchoro una kosa akatabasamu kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa.

“Graphique hii tayari iko ndani ya dossier,” akasema, akiligonga faili la mradi kwa kidole.

“Toa ndani ya dossier,” Mama alisema kutoka safu ya tatu. “Iko na uongo.”

“Kosa iko yangu, si yake,” nikasema. “Daftari yake iko sawa. Ni programu yangu ilihesabu calme, saa ya upepo kulala, kama upepo ya nord.”

Nilifungua kompyuta, nikaiunganisha na projekta, nikaelekeza mwanga wake ukutani juu ya mchoro wa zamani. Nikaandika mbele yao mstari wa kuzitenga kwanza saa ambazo upepo umelala, na mwingine wa kuviacha vistari vikiwa vitupu. Nikaendesha. Petali ya kaskazini ilinywea ikawa kidole. Katikati ya waridi ilifunguka duara kubwa jeupe: utulivu. Na petali ndefu ikawa ya kusini-magharibi, kule kule liliko eneo la tanuru, upepo wa mchana unaovuka kiwanja na kuingia moja kwa moja majumbani. Ukumbi ulipiga kelele. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kuonekana mjinga.

Injinia alingoja kelele zipungue. Hakuwa mpumbavu.

“Bon. Donc, mara mingi hakuna upepo. Kama hakuna upepo, moshi haiendi kwa mutu.”

“Haiendi, ndiyo,” Mama alisema. “Inabakia. Na pale inabakia, ni siye tuko.”

Mwanamke mmoja wa kukausha samaki akasimama. “Kuya utazame, saa kumi na mbili asubuhi, kwa moto yetu ya samaki. Utaona moshi inalala chini sawa mulevi.”

Injinia akafunga kalamu. Akasema madaftari ni ya zamani, mlingoti haupo tena, hali ya hewa imebadilika duniani kote, na mradi hauwezi kusimamishwa kwa kumbukumbu za mtu aliyestaafu. Wakaazi wakileta vipimo vipya vya mwaka mzima, watasikilizwa. Alijua vizuri kwamba hakuna anayepima. Alijua pia kwamba ofisi haitampa mwanamke mstaafu hata waya.

“Mwaka moja?” Mama alisema. “Bon. Minaanza kesho.”

Alinidanganya. Alianza jioni ile ile.

Alisimamisha mti mrefu wa mianzi mahali pa wazi ukingoni, akafunga juu yake utepe mwekundu aliouchana kutoka liputa, kitenge chake cha sikukuu. Chini yake aliweka mawe manane yaliyopakwa chokaa, kuonyesha pande. Nguvu ya upepo aliikadiria kwa macho, kama waangalizi walivyofunzwa: moshi unapanda wima au umeinama, majani yanacheza au matawi, maji yana mikunjo au povu. Kila kadirio aliliandikia herufi E, ya estimé, pembeni, ili asije mtu akasema alilificha. Mara nne kwa siku: alfajiri, saa nne, saa nane, na jua likizama.

Peke yake asingeweza, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo, kwa hasira, kama vile uzee ulikuwa mzaha wa mtu fulani. Macho yalikuwa yameanza kuota mtoto wa jicho. Basi akawafundisha wanawake wa samaki. Shida ilikuwa dakika kumi. Saa hawakuwa nazo mikononi, mikono iko kwenye moshi na magamba, na simu zilikuwa hazina chaji nusu ya wiki. Mama akachukua wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nyingi, akaupima kwa saa yake ya ukutani, akakuta kwamba beti zote, zikiimbwa mara mbili bila kukimbia, ni dakika kumi kasoro kidogo. Ikawa sheria. Anayeangalia upepo anasimama chini ya utepe na kuuimba wimbo mara mbili, kwa sauti, na macho juu. Kwa nini kwa sauti? Kwa sababu Mama, ndani ya nyumba yake iliyofungwa madirisha, alitaka kusikia kama umengoja kweli. Aliyeruka ubeti aliitwa arudie.

Mwaka ule ukingo wa mto uliimba mara nne kwa siku. Watu wa mjini walidhani ni dhehebu jipya.

Nilikwenda kila mwisho wa mwezi na kompyuta, nikaingiza mistari. Mwezi wa tisa nilikuta siku moja ina vistari vinne. Mama alikuwa ameanguka kwa malaria, na wanawake wote walikuwa matangani. Injinia alikuwa amesema mwaka mzima, na nilimjua: jambo la kwanza atakalotafuta ni tundu. Nikamwambia Mama kwamba siku iliyotangulia na iliyofuata zote zilikuwa tulivu. Tukiandika sifuri hapo hakuna atakayejua, na pengine ndiyo hata kweli yenyewe.

Alikuwa bado amelala, midomo imepauka.

“Zéro iko upepo inalala na mutu iko naangaria. Hapa mutu hakuwa. Acha tupu.”

“Watatukataa, Mama. Kwa siku moja.”

“Batukatae kwa kweli.”

Nikaacha tupu. Na kwenye mchoro wa mwisho, chini ya waridi, alinilazimisha kuandika kwa herufi zinazosomeka: utulivu ni sehemu gani, makadirio ni mangapi, na siku moja hakuna aliyeangalia. Nilichora waridi lile nikiwa na hakika kwamba nimejichimbia kaburi kwa mkono wangu.

Mwaka ulipotimia tukampelekea injinia kila kitu, naye akalitafuta tundu, kama nilivyosema. Alifunua madaftari moja moja kwa kidole kimoja, mbele yetu, akalikuta.

“Hapa kuna trou.”

“Ndiyo,” Mama alisema. “Siku ile miye nilikuwa nakufa. Kama tulitaka kudanganya weye, tungejaza.”

Injinia akayafunga madaftari kwa mikono miwili, tofauti na alivyoyafungua, na akasema atayapeleka juu, kwa wakubwa wake.

Mara ya mwisho kuonana naye kama ninavyotaka kumkumbuka, nilikuwa nimebeba barua ya kampuni. Ilichukua majuma mengi kufika. Alikuwa ameketi kitandani, madirisha yamefungwa, mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili. Alinitambua kwa jinsi mguu wa kiti chake ulivyolalamika nilipoketi. Nikamsomea. Mradi wa tanuru karibu na maporomoko umesitishwa kwa muda, kwa sababu za kiufundi. Hapakuwa na jina lake. Hapakuwa na neno moja juu ya wanawake, wala juu ya kosa langu, wala mchoro. Nilikuwa na hasira hata nikaikunja barua vibaya.

“Wamesema nini ile ya mwisho?”

“Kwa muda, Mama. Pour le moment. Si kwamba wameacha. Watarudi na karatasi nyingine.”

Alicheka, kicheko kidogo kikavu.

“Bon. Na siye tutaendelea pour le moment.” Akainua kichwa kuelekea saa ya ukutani asiyoiona. “Saa ngapi?”

“Saa nane kasoro dakika mbili.”

“Bamama bako kwenye soko. Enda uangarie.”

Nilitoka. Jua lilikuwa kali, utepe mwekundu umening'inia wima kando ya mwanzi, hautikisiki. Nikatazama mara moja, nikarudi mlangoni.

“Imelala, Mama. Zéro zéro.”

“Sikusikia wimbo.”

Nilimwambia sijui kuimba. Nilimwambia nina simu, inahesabu dakika. Akasema hakuisikia simu pia. Nikarudi chini ya utepe, mtu mzima mwenye shahada, na vijana waliokuwa wakirekebisha mitego yao wakaacha kazi ili wanitazame. Nikaanza. Sauti yangu ni mbaya, sikujaribu kuificha. Niliimba beti zote mara ya kwanza, na utepe haukusogea. Katika ubeti wa tatu wa mara ya pili, ncha yake ilinyanyuka. Ikalala. Ikanyanyuka tena, ikanyooka kuelekea nyumba, na juu ya maji mikunjo ikaanza kuja kutoka upande wa kiwanja kile. Nikamaliza beti zote.

“Ishirini na tatu,” nikamwambia nilipoingia. Kusini-magharibi. “Hafifu. E.”

“Andika.”

Niliandika kwenye daftari lake. Akaniambia nitie sahihi, na jina zima. Nikatia. Alipapasa ukurasa kwa vidole kana kwamba wino una mwinuko.

“Na kesho asubuhi, saa kumi na mbili, weye uko wapi?”

“Niko hapa, Mama.”